Ibada haiishii mlangoni mwa kanisa: Goma imwangalie vizuri Floribert wake

Tangu tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2025, mji wa Goma una mwenyeheri wake. Siku hiyo, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, kule Roma, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza Floribert Bwana Chui Bin Kositi kuwa mwenyeheri wa Kanisa Katoliki. Hapa kwetu furaha ilikuwa kubwa, hata katikati ya vita. Picha yake ilizunguka kwenye simu, jina lake likaingia katika sala za mashirika, na watu wengi ambao hawakuwahi kusikia habari zake walianza kuulizana: huyu kijana alifanya nini?

Swali hilo ni zuri, na ningependa tusilijibu haraka haraka. Hofu yangu ni kwamba tutamweka Floribert ukutani, tutamwashia mshumaa, tutamwimbia, kisha kesho yake asubuhi tutaenda kazini na kufanya kila kitu alichokataa kufanya. Sisi wakaaji wa Kongo ya mashariki tuna ujuzi mkubwa wa kusali. Wengi wetu hatuna ujuzi wa kubeba sala hiyo hadi ofisini, sokoni au kwenye barriere.

Turudi kwanza kwenye habari yenyewe. Floribert alizaliwa Goma mwezi wa sita mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi katika Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, ile tunayoiita sote OCC. Kazi yake ilihusu bidhaa zilizoharibika: mzigo ukifika mpakani, yeye ndiye alipaswa kuangalia kama chakula kile kinaweza kuliwa na watu au kinapaswa kuharibiwa. Mwaka 2007 ulifika mzigo wa vyakula vilivyooza. Wenye mzigo walitaka upite. Wakamtolea pesa akakataa, wakaongeza akakataa tena. Tarehe 7 mwezi wa saba alitekwa hapa mjini, akateswa, na usiku wa kuamkia tarehe 8 akauawa. Alikuwa na miaka 26. Alikuwa na mchumba.

Anayeijua Goma hahitaji maelezo marefu ili afahamu uzito wa kazi ile. Mji huu unakula kwa mpaka. Mchele, unga, mafuta, samaki wa kopo, sukari, vingi vinapita Grande Barrière au Petite Barrière kabla ya kufika Birere, Virunga au Kituku. Kati ya gari la mzigo na sahani ya mtoto kuna mtu mmoja mwenye muhuri. Akifunga macho, hakuna mwingine atakayefungua. Mama anayenunua kwa kopo hawezi kujua kwamba gunia lilikaa wapi, wala lilinyeshewa na mvua ngapi. Anamwamini mtu asiyemjua, aliyesaini karatasi ambayo hataiona maisha yake yote. Yule anayekula pesa ili mzigo mbaya upite, mara nyingi hali chakula chenyewe. Anajua pa kununua kingine.

Kongo ilikuwa na wenyeheri wengine kabla ya Floribert. Isidore Bakanja, mfanyakazi katika shamba la wazungu, alipigwa viboko kwa sababu hakutaka kuvua skapulari ya Bikira Maria, akafa tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 1909. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro mwaka 1964, akilinda nadhiri yake. Mwaka huo huo, huko Baraka na Fizi, wamisionari watatu wa Xaveri na padri Albert Joubert waliuawa, na Uvira iliwasherehekea kama wenyeheri mwezi wa nane mwaka 2024. Katika habari zote hizo, alama ya dini inaonekana wazi: skapulari, nadhiri, kanzu ya padri. Kwa Floribert hakuna kitu kama hicho. Kuna karatasi za duane na mzigo wa chakula. Hakuna aliyemwambia amkane Yesu. Walimwambia tu apokee bahasha na asaini.

Ndiyo maana naona kwamba uamuzi wa Kanisa katika jambo hili ni mkubwa kuliko tunavyofikiri. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, Papa Francisko alipokubali kwamba kijana huyu alikufa kama shahidi wa imani, alikuwa anasema kitu ambacho wengi wetu hatujakisikia vizuri: kukataa rushwa kwenye kazi ya serikali kunaweza kuwa tendo la imani sawa na kukataa kuvua msalaba. Alikuwa ameanza kukisema mapema, tarehe 2 mwezi wa pili mwaka 2023, mbele ya vijana waliojaza Uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, ambapo alimtaja Floribert kwa jina kama mfano wa kufuata. Vijana walipiga makofi sana siku ile. Makofi ni rahisi, nami nilipiga pia mbele ya televisheni.

Sisemi haya ili kucheka sala za watu wetu. Asiyejua mashariki ya Kongo anaweza kudhani kwamba watu hapa wanajaza makanisa kwa sababu hawana la kufanya. Hapa kwenda kusali kunaweza kukugharimu maisha. Tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka 2023 bomu lililipuka katika kanisa la CEPAC huko Kasindi, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Mwezi wa saba mwaka 2025, Wakristo walishambuliwa usiku katika parokia ya Komanda, Ituri, na makumi wakauawa. Jumapili iliyofuata, watu wa sehemu zile walisali tena. Mimi sina neno la kumfundisha mama wa Komanda kuhusu ibada. Ninaongea na wale ambao, kama mimi, tunaishi mjini, tuna kazi au tunatafuta kazi, tuna Biblia kwenye simu na nyimbo za kumsifu Mungu kama mlio wa simu hiyo.

Kwa sababu ukweli ni huu, ndugu msomaji: wote tunasali. Anayeomba rushwa anasali, na anayetoa rushwa anasali. Katika ofisi moja ya hapa mjini, nilipofuata karatasi fulani, kijana aliyenipokea alikuwa na rozari mkononi na andiko la Zaburi lililobandikwa juu ya meza yake. Alinipokea kwa heshima, akaniita kaka. Kisha akaniambia kwamba karatasi haitembei bila kahawa. Hakuona haya hata kidogo, na sidhani kwamba alikuwa mnafiki. Hiyo ndiyo inayonisumbua. Kwake yeye, Zaburi na kahawa vilikuwa vitu viwili visivyojuana, kama wapangaji wawili wa parcelle moja ambao kila mmoja ana mlango wake.

Biblia tunayoibeba haina hiyo milango miwili. Fungua Luka, sura ya tatu. Watu wanakuja kwa Yohana Mbatizaji mtoni, na kati yao kuna watoza ushuru na askari. Wanamwuliza wafanye nini. Yohana hawaambii waache kazi, hawaambii wafunge siku arobaini, wala hawaagizi watoe sadaka kubwa. Anawaambia watoza ushuru wasidai zaidi ya kilichopangwa. Anawaambia askari wasinyang'anye watu, wasiwasingizie, watosheke na mshahara wao. Nikilisoma andiko hilo nikiwa Goma, nahisi kama liliandikwa jana, na mtu aliyepita kwenye barriere zetu akiwa na kuku wawili na gunia la makala. Watu wa kwanza kupewa masharti ya ubatizo kwa jina la kazi yao ni wa duane na wa silaha.

Nabii Amosi alikuwa mkali zaidi. Aliwaambia watu wa Israeli kwamba Mungu amechoka na sikukuu zao na kelele za nyimbo zao, kwa sababu huko sokoni walikuwa wanapunguza kipimo na kumnunua maskini kwa bei ya viatu. Yesu mwenyewe, katika Matayo sura ya tano, anamwambia mtu aiache sadaka pale pale mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Na Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, siku alipompokea Yesu nyumbani hakuandaa karamu tu. Aliahidi kurudisha mara nne kile alichowadhulumu watu. Makanisani kwetu nimesikia shuhuda za magonjwa yaliyopona, za visa zilizopatikana, za ndoa na watoto. Ushuhuda wa mtu anayerudisha pesa, bado nausubiri.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Watasema: wewe mwandishi, unaongea hivyo kwa sababu hujui mshahara wa mtumishi wa serikali. Miezi inapita bila malipo. Minervale ya watoto inadaiwa, nyumba inadaiwa, na hospitali haikupokei bila pesa mkononi. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wengi walipoteza kazi waliyokuwa nayo. Katika hali hiyo mtu anaishi kwa Artiki 15, ile sheria isiyoandikwa ambayo kila Mkongomani anaijua: jitafutie.

Nakubali nusu ya jibu hilo. Serikali isiyolipa watu wake inawafundisha kuiba, na dhambi hiyo ina wenyewe, wakubwa kuliko kijana wa kahawa. Mwalimu anayeomba wazazi wamsaidie kwa sababu hajalipwa, siwezi kumweka kwenye mfuko mmoja na mtu anayepitisha chakula kilichooza. Lakini nusu ya pili siikubali. Artiki 15 ilianza kama akili ya maskini ya kumsaidia asife njaa. Leo ni maskini huyo huyo anayeilipa. Rushwa ya mpakani inarudi kwenye bei ya unga. Aliyelipa ili apite barriere tatu anaongeza makuta yake kwenye kila kopo, na mwisho wa njia kuna mama ambaye hana wa kumwongezea. Tukisema kwamba shida inaturuhusu, tuseme pia ni nani tunayemruhusu kumla.

Na Floribert, tusisahau, hakuwa mtu wa Ulaya aliyekuja na mshahara wa dola. Alikuwa mtoto wa mji huu. Inasemekana kwamba alimwambia mtawa mmoja aliyemfahamu kuhusu jambo lile, akawaza kwamba pesa ile itaisha upesi, na waliokula chakula kile je? Hesabu yake ilikuwa rahisi. Aliweka watu upande mmoja na makuta upande mwingine.

Tuulizane basi alipata wapi hesabu hiyo, kwa sababu wengine tulisoma sheria pia na hatukuipata. Floribert alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi na kuenea katika nchi nyingi. Maisha ya watu wa jumuiya hiyo yanashikamana na mambo mawili: kusali pamoja na kuwa marafiki wa maskini. Hapa Goma, Floribert alikuwa na watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo, ambao wengi wetu tunawapita tukishika mfuko. Aliwafundisha, akawasaidia waende shule, akawajua kwa majina. Naona hapo ndipo fundo lilipo. Mtu aliyesali jioni na kukaa na maibobo, akiletewa mzigo wa chakula kibovu, anajua vizuri ni nani atakayekila kwanza. Sala yake ilikuwa imempa sura za watu. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu akisema kwamba tuache kusali sana tufanye kazi kwa haki, kana kwamba hayo ni mambo mawili ya kuchagua. Kijana huyu alikuwa na nguvu ya kusema hapana siku moja ya mwezi wa saba kwa sababu alikuwa amezoea kupiga magoti siku nyingi ambazo hakuna aliyemwona.

Makanisa yetu yana kazi hapa, ya Kikatoliki, ya ECC na yale ya uamsho. Kuna tabia ambayo imezoeleka. Mkubwa fulani analeta sadaka nono ya kushukuru, anapewa kiti cha mbele, jina lake linatajwa kwenye sono, na mchungaji anambariki mara tatu. Hakuna anayeuliza pesa ilitoka wapi. Wakati huohuo, mtumishi mdogo aliyekataa bahasha na kuhamishwa kazi anakaa nyuma kabisa, na mchango wake wa franka 500 haujulikani na mtu. Vijana wanaangalia. Wanajifunza haraka ni nani anayeheshimiwa nyumbani mwa Mungu. Unaweza kuhubiri mwaka mzima juu ya unyofu. Kiti kile cha mbele kinahubiri kwa nguvu zaidi.

Sisi waandishi wa habari tusijitoe. Tuna kahawa yetu, tunaiita coupage: bahasha baada ya mkutano, ili habari itoke jinsi mwenye mkutano anavyotaka. Tuna wenzetu wanaoanza siku kwa sala katika chumba cha habari na kuimaliza kwa kusoma taarifa waliyolipwa kuisoma. Kwenye vyuo vikuu kuna pointi zinazouzwa. Sokoni kuna kopo lililopigwa chini kwa nyundo ili lipungue. Kwenye hospitali kuna glavu ambazo mgonjwa anazinunua mara mbili. Kila kazi ina mzigo wake uliooza na muhuri wake, na orodha naiacha hapo kwa sababu kila mmoja anajua ya kwake.

Kuna mahali pengine ambapo hapazungumzwi, nami napaona pagumu kuliko ofisi. Ni nyumbani. Mtoto wetu akipata kazi ya duane, ya migodi au ya kodi, familia nzima inaanza kuhesabu. Baada ya miaka mitatu, shangazi anauliza: bado unapanga? Mwenzako waliyeanza naye ana nyumba ya ghorofa, wewe hata gari huna? Hakuna anayeuliza mwenzake alijenga na nini. Anayeishi kwa mshahara wake anaitwa mjinga, au anaambiwa amerogwa, na kuna mama wanaompeleka mtoto wao kwenye maombi ili afunguliwe. Afunguliwe kutoka nini? Kutoka unyofu? Mara nyingi bahasha haitoki kwa mwenye mzigo peke yake. Mkono mmoja unaoisukuma ni wa kwetu, na ni mkono ule ule uliomfundisha mtoto kusema Baba Yetu.

Kama mapadri na wachungaji wanataka kumheshimu Floribert, waanzie hapo. Katika shirika, watu wanapokutana wiki kusoma Neno, waulize si tu nani mgonjwa na nani amefiwa, waulize pia nani anasukumwa kazini kufanya jambo lisilofaa. Watu wataongea, polepole. Siku ya misa ya shukrani kwa kijana aliyepata kazi, wazazi waahidi mbele ya watu kwamba hawatamdai zaidi ya mshahara wake. Najua litachekesha watu mara ya kwanza. Na aliyehamishwa au kufukuzwa kwa sababu alikataa kusaini, parokia imjue, imtembelee, imtafutie minervale ya watoto kama inavyotafuta pesa za kununua sono mpya. Floribert alikuwa na jumuiya nyuma yake. Kumwambia mtu awe shahidi peke yake, na sisi tukimngoja kwenye madhabahu baada ya kifo chake, hilo ni jambo baya.

Kwa sababu wapo. Wiki hii, kwenye mpaka wa Kasindi, wa Kavimvira au hapa Goma, kwenye maabara, kwenye soko la Kadutu, kwenye ofisi ndogo isiyo na umeme, kuna mtu atakayesukumiwa pesa juu ya meza na kuzirudisha. Hatapigwa picha. Jioni atapanda moto, au atatembea kwa miguu kwa sababu hana pesa ya moto, atafika nyumbani mikono mitupu, na mke wake au mama yake atamwuliza leo imekuwaje.